Kumzoesha punda kuvuta mkokoteni peke yake

Vijana, wengi mnaniuliza: punda akiwa na mwenzake anavuta vizuri, mbona ukimtoa peke yake anagoma getini? Si ukaidi, ni woga. Punda hushikamana sana na mwenzake. Mimi wangu nilimlazimisha kwa fimbo; akakurupuka na mkokoteni, lita 40 za maziwa zikamwagika.

Siku hizi naanza bila mzigo. Mshike kamba, mtembeze hatua 20 kutoka kwa mwenzake, msimamishe, mgeuze, mrudishe kabla hajaanza kulia. Kesho hatua 30. Dakika 15 kwa siku zinatosha kabisa. Neno la kusimama alijue kwanza, la kwenda baadaye. Akitulia, mfungie tairi kuukuu alikokote, azoee kelele nyuma yake. Ndipo mkokoteni mtupu. Na fimbo iache nyumbani, jamani.