Pilipili Ikiwasha Mikono: Anza na Mafuta, Kisha Sabuni

Wakazi wengi wa Kitale na Bungoma hukuza pilipili kali nyuma ya nyumba, kando ya sukuma wiki na vitunguu. Shida huja baada ya kuchuma au kukatakata. Mikono huwaka, wakati mwingine saa kadhaa baadaye, na maji matupu hayasaidii sana.

Kwa nini maji hayatoshi

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo huyeyuka kwenye mafuta na wala si kwenye maji. Ikishika ngozi, huamsha neva zile zile zinazohisi moto, ndiyo maana mkono huhisi kana kwamba umeungua. Wengi hudhani mbegu ndizo kali zaidi, lakini ukali mwingi umo kwenye utando mweupe unaozishikilia.

Kabla ya kuanza kazi

- Vaa glavu za mpira. Ukikosa, jipake mafuta ya kupikia mikononi.
- Twanga pilipili kavu nje, upepo ukitoka nyuma yako, na ufunike pua na mdomo.
- Usijiguse uso. Osha kisu na ubao kwa sabuni mara tu unapomaliza.

Mikono ikianza kuwasha

1. Paka mafuta ya kupikia, sugua polepole kwa dakika moja, kisha upanguse kwa kitambaa.
2. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji baridi. Rudia ikiwa bado inawasha.
3. Tuliza uchungu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Epuka maji moto, kwani huongeza mwasho.

Ikiwa ni mdomo unaowaka, kunywa maziwa au mala.

Tahadhari kuhusu macho na watoto

Pilipili ikiingia jichoni, usitie mafuta wala maziwa. Osha mikono kwanza, kisha suuza jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15, bila kulisugua. Mama anayenyonyesha asimshike mtoto kabla ya kunawa kwa mafuta na sabuni.

Ngozi ikitoka malengelenge, au jicho likiendelea kuuma au kuona ukungu, au mtu akipumua kwa shida, nenda mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Wamalwa Kijana mjini Kitale, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma.