Mti wa Mkoko

Msafiri apitaye pwani ya Kenya, tangu Vanga hata Kiunga, huona kandokando ya hori miti isimamayo katika matope ya chumvi, yenye majani mabichi mwaka mzima. Wageni huiita yote mikoko, lakini wenyeji huipa kila mmoja jina lake: mkandaa, mchu, mlilana, na mkoko wenyewe, ambao ndio wa somo hili.

Matope hayo hayana hewa, na mti wa bara ungekufa humo upesi. Mkoko huishi kwa kuwa mizizi yake hutoka shinani juu ya ardhi, ikapinda kama mbavu za jahazi, ikashuka matopeni. Gamba la mizizi hiyo lina vitundu vidogo sana vipitishavyo hewa maji yapwapo. Tena mizizi huzuia sehemu kubwa ya chumvi isipande mtini.

Mbegu yake ni ya ajabu zaidi. Haingoji kuanguka ndipo iote, bali huota ingali juu ya mama yake, ikawa mche mrefu mfano wa fimbo. Mche ukikomaa huanguka ukachoma matope, au huchukuliwa na maji mpaka mahali pengine.

Boriti za mkoko hubeba dari za nyumba za Lamu, na majahazi yalizipeleka Uarabuni mpaka Serikali ilipokataza biashara hiyo mwaka 1982. Lakini mkataji na ajue jambo hili: mchu ukikatwa, kisiki chake huweza kuchipuka; mkoko ukikatwa chini ya matawi yenye majani, hufa. Basi amalizaye mikoko ya mahali pamoja amemaliza na mbegu yake.

Ndivyo ilivyokuwa Gazi, kusini ya Mombasa. Katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na mahali pengine pakabaki tupu. Kazi ya kupanda miche ilianza mwaka 1991. Mwaka 2013 wanakijiji wakaanzisha mpango wa Mikoko Pamoja wa kulinda hekta 117. Fedha walizopata kwa hewa ya kaboni iwekwayo na miti hiyo zimesaidia maji na shule.

Kamba, kaa na samaki wachanga hujificha katika mizizi ya mkoko. Mvuvi aonaye mikoko ikiisha, na asingoje nyavu zirudi tupu ndipo apande.