Kuikagua Baskeli Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Mwananchi anayetaka kwenda kazini kwa baskeli, tuseme kutoka Fuoni hadi Darajani, huvutiwa na zile kuukuu za mashindano, zenye usukani uliopinda, kwa wepesi wake. Nyingi ni za chuma, na adui wa chuma kisiwani ni chumvi iliyomo katika hewa ya bahari. Rangi mpya isikupumbaze. Pengine imepakwa kufunika kutu.

Anza chini. Ipindue, utazame mahali mabomba ya fremu yanapokutana penye pedeli, kwani maji hutuama humo. Chomoa bomba la kiti: likikataa, limegandana na fremu, na kimo chake hutakirekebisha. Kisha pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayoungana na shingo ya usukani. Mkunjo au ufa wa rangi hapo ni dalili ya kugongwa. Baskeli hiyo iache hata ukipewa bure, maana fremu huenda ikakatika uwapo mbele ya daladala.

Soma pia ubavu wa tairi. Nyingi za Uingereza za miaka ya 1970 zina ringi ya milimita 630, huandikwa inchi 27. Za sasa ni 622, huandikwa 700C. Tofauti ni milimita 8 tu, lakini tairi zake haziazimani. Muulize fundi wa mtaani kwako ipi hupatikana, kabla hujalipa.

Breki, mnyororo na spoki visikutie hofu, hubadilishwa.

Mkikubaliana, andikianeni mbele ya sheha, pamoja na namba iliyogongwa kwenye fremu.