Kukutana na Wapiga Picha Dubai

Swali: Mpenzi wa kamera anayesafiri kwenda Dubai atawapata wapi wenzake?

Jibu: Pa kuanzia ni Alserkal Avenue, eneo la maghala ya Al Quoz yaliyogeuzwa kumbi za sanaa. Humo mna Gulf Photo Plus, kituo chenye mafunzo, maonyesho na huduma ya kuchapa picha, na hapo ndipo mgeni huzoeana upesi na wenyeji. Sharjah, mji jirani, huandaa tamasha la upigaji picha la Xposure tangu 2016.

Mazoezi bora ya kupiga picha hufanyika nje, kwenye hori linalotenganisha Deira na Bur Dubai. Asubuhi mapema, mwanga ukiwa bado laini, mashua za kuvukia ziitwazo abra huvuka zimejaa abiria waliokaa wakipeana migongo, kwa nauli ya dirhamu 1. Aliyekulia Lamu au Unguja hatakosa cha kupiga picha akiyaona majahazi ya mbao yaliyofungwa gatini.

Jambo moja lisipuuzwe: sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inakataza kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, hata hadharani, picha hiyo ikivunja faragha yake. Adhabu ni kifungo au faini. Droni nayo huhitaji kibali. Ruhusa iombwe kabla kamera haijainuliwa.