Kepu Safi kwenye Bomba: Kazi Huanzia Pasi ya Chini Yake

Huku Mzenga, mkoani Pwani, kazi ya bomba haiishi. Leo ni kisima kirefu kinachofungwa bomba la chuma la inchi nne la kupandishia maji tangini, kesho ni jointi inayovuja, keshokutwa ni mnara wa tangi uliosimamishwa kwa mabomba. Karibu zote nazichoma kwa rodi. Mashine ya rodi inabebeka hadi porini, haihitaji mtungi wa gesi, na upepo hauisumbui sana. Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza swali lilelile: "Fundi, mbona kepu yako imelala vizuri, na yangu ina mifereji pembeni?"

Kepu ndiyo pasi ya mwisho, ile inayoonekana juu ya mshono. Jibu langu ni kwamba kepu nyingi huharibika kabla hazijaanza kuchomwa. Mkono una sehemu yake, nami nitaueleza, lakini pasi ya mwisho hufuata kile ilichokikuta chini.

Kepu si urembo

Pampu ikiwashwa na kuzimwa, bomba hukazwa na kulegezwa, siku nenda siku rudi. Penye mfereji kando ya mshono ndipo mkazo hujikusanya, na ufa huanzia hapo. Kutu nayo hupata pa kujificha. Kepu iliyotuna kupita kiasi ina hatari ileile, kwa sababu huacha kona kali pale inapokutana na bomba.

Kwenye mabomba ya mafuta na gesi kuna kiwango cha Marekani kiitwacho API 1104. Kinataka kepu isiwe chini ya uso wa bomba wala isiinuke zaidi ya milimita 1.6 juu yake, na upana wake uizidi V ya mwanzo, ile nafasi iliyosagwa kati ya mabomba mawili, kwa takriban milimita 3, yaani moja na nusu kila upande. Mfereji wa kando wenye kina cha zaidi ya milimita 0.8 haupiti. Mimi hushika vipimo hivyo hata kwenye bomba la maji la kijiji. Anayekunywa maji ya hapa anastahili kazi safi kama ya bomba la gesi.

Acha kingo zionekane

Hili ndilo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Pasi ya kujaza ikifika juu kabisa na kuzifunika kingo za V, umepoteza njia. Ndani ya kofia ya kuchomelea huoni bomba zima. Unaona dimbwi la chuma kilichoyeyuka na sehemu ndogo iliyo mbele yake. Kingo zikiwa zimefutika, mkono unakisia, na mshono unaanza kutembea kama njia ya ng'ombe.

Kwa hiyo pasi ya kujaza naiacha chini ya uso wa bomba kwa milimita moja hadi moja na nusu, kuzunguka kote. Napitisha kucha au ncha ya msumari ili nihisi kingo mbili bado zipo. Palipotuna napashusha kwa grainda. Palipobonyea sana napajaza kwanza kwa mshono mfupi. Usitegemee kepu ikujazie shimo, maana utalazimika kukawia hapo, chuma kitaning'inia, na kando yake kutabaki mfereji.

Halafu gonga slagi yote, piga brashi ya waya hadi chuma king'ae, na uangalie zaidi kwenye pembe mbili za V, maana slagi hupenda kubaki hapo. Safisha pia uso wa bomba, sentimita mbili hivi kila upande. Bomba likiwa la mabati, ondoa zinki mbali zaidi ya hapo na ukae upande upepo unakotokea. Moshi wa zinki huleta homa na baridi usiku wake.

Subiri, kisha punguza moto

Ukitoka kwenye pasi ya kujaza na kurukia kepu palepale, bomba bado linawaka. Chuma kitakuwa chepesi, kitatanuka na kuporomoka. Mimi huacha lipoe kwa hewa, au nahamia upande wa pili wa jointi. Usimwagie maji. Kupoza ghafla hukifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kupasuka.

Kepu huchomwa kwa moto mdogo kidogo kuliko pasi ya kujaza. Rodi ya 7018 ya milimita 3.2, ile ya geji 10, mimi huanzia kati ya ampea 100 na 115 nikipanda juu. Namba za kwenye mashine zikupe pa kuanzia tu. Huku kwetu nyaya ni ndefu, jenereta ni ndogo, na umeme wa mwisho wa laini hushuka jioni. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bomba lilelile. Rodi ikinata, ongeza. Kingo zikiliwa, punguza.

7018 hutulia zaidi kwenye mashine ya DC, holda ikiwa upande wa chanya. Mashine nyingi za kusukwa mtaani hazina nguvu ya kuiwasha vizuri, na hapo ni afadhali 6013 kwa kazi isiyo na presha kubwa. Unyevu nao ni adui. Mvua za masika na hewa ya Pwani huingia kwenye dawa ya rodi, na 7018 yenye unyevu hutoboa mshono vitundu na kuuletea nyufa. Kuianika juani hakutoshi. Kuikausha upya kunahitaji tanuri la nyuzi 300 na zaidi. Nunua pakiti iliyofungwa, toa za kazi ya siku hiyo, na nyingine zifunge zisipate hewa.

Kaa pembeni, vuka haraka katikati

Bomba likiwa limelala na halizunguki, lifikirie kama uso wa saa ya ukutani. Anza chini kwenye namba 6, panda hadi namba 12, kisha rudi namba 6 ukapande upande wa pili. Kabla ya kuwasha, pitisha mkono mkavu njia yote. Bomba likiwa mtaroni nalala juu ya gunia, waya naupitisha begani usinivute, na kiwiko nakiegemeza ukingoni. Mkono uliochoka hauchori mshono ulionyooka.

Moto uwe mfupi, ncha ya rodi karibu iguse chuma. Rodi ielekee katikati ya bomba, ikiinuka kidogo kule unakokwenda. Sogea hadi kwenye ukingo mmoja, tulia. Tazama dimbwi, si mwanga. Utaona chuma kinapanda, kinaulalia mstari wa ukingo na kuuzika. Ukishazikwa, vuka katikati bila kusita hadi ukingo wa pili, tulia tena. Katikati hujijaza penyewe. Anayekawia katikati na kukimbia pembeni hupata kepu yenye mgongo mrefu na mifereji miwili.

Mpito usizidi mara tatu ya unene wa rodi. V ikiwa pana kuliko hapo, gawa kepu iwe mishono miwili au mitatu iliyonyooka, kila mmoja uufunike uliotangulia kwa karibu nusu. Bomba likiwa limesimama wima, mimi hutumia mishono hiyo daima, nikianzia chini kwenda juu.

Pagumu zaidi ni kwenye namba 6, kwa sababu chuma kinavutwa chini. Hapo fupisha moto zaidi na ongeza kasi kidogo.

Kuanza na kukata

Ukitaka kukata, usichomoe rodi ghafla. Rudi nyuma kidogo juu ya mshono, jaza kishimo, ndipo ukate. Kishimo kisichojazwa ndicho mlango wa ufa. Kabla ya rodi mpya, saga mwisho wa mshono uwe mteremko. Washa moto sentimita moja mbele, rudi hadi kwenye kishimo, kijaze, kisha endelea. Mahali pa kuanzia kepu pasiwe juu ya mahali ulipoanzia pasi ya chini.

Kwa anayetaka kwenda mbali

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Karibu nasi kuna mabomba makubwa ya maji yanayotoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, kwenda Dar es Salaam. Kazi za namna hiyo zina mitihani, na macho ya mkaguzi hutangulia mionzi. Jointi ikianguka kwa macho, haifiki kwenye picha.

Kwa hiyo omba vipande chakavu vya bomba, na kwa wiki za mwanzo usiwaze kepu kabisa. Fanya zoezi la kujaza V hadi ibaki milimita moja, sawasawa, kuanzia namba 6 hadi namba 12, kingo zote mbili zikiwa hai. Siku utakapoliweza hilo bila kusaga, kepu itakuwa kazi ya kufuata mistari miwili unayoiona.