Bingwa wa vinyoya na presha isiyopiga hodi

WENGI wetu tunaamini kwamba mtu anayekimbia, kuruka na kutokwa na jasho kila siku hawezi kuugua presha. Ukimwona mchezaji mwenye misuli imara na pumzi zisizokwisha, huwezi kufikiria kumwambia aende zahanati akapimwe. Presha, tunadhani, ni ya wazee na wanene.

Leo, msomaji, tutamtazama mwanamume mmoja wa Indonesia ambaye maisha yake yanaipinga imani hiyo. Jina lake ni Markis Kido. Alikuwa bingwa wa Olimpiki katika mchezo wa vinyoya, yaani badmintoni, upande wa wawili wawili. Alifariki Juni 14, 2021, akiwa na raketi mkononi. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kwa wale wasioufahamu vyema mchezo huu, wachezaji wanne hugawana uwanja wenye urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, wawili kila upande wa wavu. Wanapigiana kinyoya chepesi mno, chenye uzito wa gramu 5 hivi, kilichotengenezwa kwa manyoya 16 ya ndege. Wepesi huo usikudanganye. Mwaka 2023, Satwiksairaj Rankireddy wa India, ambaye ni mchezaji wa wawili wawili, alipiga kombora lililopimwa kuwa na kasi ya kilomita 565 kwa saa. Hakuna gari katika barabara zetu linaloweza kuifikia kasi hiyo, hata matatu ya usiku.

Mwili wa mchezaji wa namna hii haufanyi kazi kama wa mwanariadha wa mbio ndefu. Hupumzika sekunde chache, kisha hulipuka. Huchuchumaa, huruka, hubana pumzi na kupiga kwa nguvu zake zote, halafu huanza tena. Kila anapofanya hivyo presha yake hupanda. Hata kwa mtu mwenye afya njema, namba ya juu ya presha inaweza kufika 200 wakati wa jitihada kali, kisha ikashuka anapotulia. Hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale inapokataa kushuka.

Wavulana wawili wa Agosti

Kido alizaliwa Agosti 11, 1984. Mwenzake Hendra Setiawan alizaliwa siku 14 baadaye, Agosti 25 mwaka huo huo. Hendra alisimama mbele karibu na wavu, mtulivu, mwenye mkono mwepesi. Kido hakuwa mrefu, lakini alipokaa nyuma aliruka juu na kushusha makombora ambayo wapinzani waliyaogopa.

Mwaka 2007 wawili hao walitwaa ubingwa wa dunia mjini Kuala Lumpur, Malaysia. Mwaka uliofuata, jijini Beijing, walikutana katika fainali ya Olimpiki na wenyeji, Cai Yun na Fu Haifeng. Walipoteza seti ya kwanza 12-21 ukumbi mzima ukishangilia dhidi yao. Waliinuka na kushinda mbili zilizofuata, 21-11 na 21-16. Mwaka 2010 wakaongeza dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Guangzhou.

Wakati wote huo ilijulikana katika duru za mchezo kwamba Kido alisumbuliwa na presha. Yaani mtu aliyekuwa akivishwa dhahabu kwa nguvu za mwili wake alikuwa na mishipa iliyobeba mzigo kupita kiasi. Hapa ndipo penye somo kwetu, kwa sababu nguvu za misuli na hali ya mishipa ni mambo mawili tofauti. Mazoezi huteremsha presha kwa watu wengi, hilo ni kweli na tusilipuuze. Lakini kuna wale ambao ugonjwa huu umo katika ukoo wao, na kwa hao mazoezi peke yake hayatoshi.

Baada ya wawili hao kutengana mwaka 2012, Kido alicheza na kijana Marcus Fernaldi Gideon, wakashinda mashindano ya Ufaransa mwaka 2013. Pia alicheza na dada yake, Pia Zebadiah, katika mchezo wa mwanamume na mwanamke. Polepole akajiondoa katika mashindano makubwa.

Hendra naye alipata mwenzi mpya, Mohammad Ahsan. Walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2013 na 2015, na tena mwaka 2019 huko Basel, Uswisi, siku ambayo Hendra alitimiza miaka 35. Mashabiki waliwaita akina baba, kwa kuwa walikuwa wazazi wakicheza na vijana wadogo. Waliaga uwanja Januari 2025, Hendra akiwa na miaka 40.

Wawili hawa walicheza uwanja mmoja miaka mingi, na mazoezi yao yalikuwa yale yale. Ukiwatazama kwa macho tu, ungesema afya zao ni sawa. Ni kifaa cha kupimia presha peke yake kinachoweza kuwatofautisha watu kama hao.

Shida ya dawa kwa mchezaji

Mtu wa kawaida akigunduliwa kuwa na presha, daktari ana dawa nyingi za kuchagua. Mchezaji wa kulipwa hana uhuru huo. Dawa za kupunguza maji mwilini, zile zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, ni miongoni mwa dawa za kwanza zinazotumiwa kutibu presha. Lakini zimepigwa marufuku katika michezo yote, kwa sababu zinaweza kutumiwa kuficha dawa za kusisimua misuli katika mkojo. Mchezaji anayezihitaji lazima aombe kibali maalumu cha matibabu.

Kuna aina nyingine inayopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Hiyo haikatazwi katika vinyoya, ila mchezaji akiimeza miguu huwa mizito na pumzi humwishia upesi. Ndiyo sababu wengi hupewa dawa za kulegeza mishipa, kama vile amlodipini, ambazo haziingilii sana mchezo. Wakenya wanaokimbia mbio za kulipwa wangefaa kulijua jambo hili pia. Usinunue dawa ya presha dukani kwa kuwa jirani yako anaitumia.

Tena kuna vidonge vya maumivu. Magoti, mabega na visigino vya mchezaji wa vinyoya huuma karibu kila wiki, na wengi humeza dayklofenaki au ibuprofeni kama peremende. Dawa hizo hupandisha presha na kuzuia baadhi ya dawa za presha zisifanye kazi vizuri. Kwa maoni yangu, hii ndiyo tabia inayofaa kuogopwa zaidi kwa wachezaji wetu wa wikendi, kwani hakuna anayeihesabu kuwa ni kosa.

Baada ya kustaafu

Jioni ile ya Juni 2021, Kido alikuwa ukumbini Tangerang, karibu na Jakarta, akicheza na marafiki. Hapakuwa na kombe. Alianguka uwanjani, akapelekwa hospitalini, na ikatangazwa kwamba amefariki kwa mshtuko wa moyo.

Ni vyema tukumbuke hali ya mchezaji aliyestaafu. Mazoezi hupungua, chakula kinabaki kile kile, uzito unaongezeka. Hana tena daktari wa timu wa kumwita kila baada ya miezi michache. Lakini akishika raketi, kichwa bado kinakumbuka jinsi ya kuruka kama zamani, na mwili unalazimishwa kutii. Kwa vijana, moyo ukisimama ghafla uwanjani sababu mara nyingi ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Kuanzia umri wa miaka 35 hivi, sababu kubwa huwa ni mishipa ya moyo iliyoziba, na presha ni mojawapo ya mambo yanayoiharibu mishipa hiyo kwa miaka mingi bila maumivu yoyote.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79 wana presha, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja maishani.

Basi kabla hujajiunga tena na wenzako ukumbini au kwenye uwanja wa kandanda, pimwa. Usipimwe mara tu baada ya kupanda ngazi. Kaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Namba zikifika 140 juu au 90 chini, usiogope wala usipuuze, rudi siku nyingine upimwe tena. Zikibaki hapo, wewe ni mgonjwa wa presha hata kama unaweza kukimbia hadi Ngong na kurudi. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyomo katika mkate na viazi karai, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai.

Acha mchezo mara moja ukihisi kifua kinabana, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, kizunguzungu, au pumzi kukatika kuliko kawaida yako. Usimalizie seti.

Mwenzako akianguka

Juni 30, 2024, huko Yogyakarta, Indonesia, mchezaji wa China mwenye umri wa miaka 17, Zhang Zhijie, alianguka uwanjani katika mashindano ya vijana wa Asia, akafariki. Mjadala mkali ulizuka kuhusu sekunde zilizopita kabla ya kuhudumiwa, kwa sababu wahudumu walitakiwa kungoja idhini ya mwamuzi. Kwenye kumbi zetu hakuna mwamuzi wala mhudumu. Upo wewe tu, mwenzake wa upande ule ule wa wavu.

Mtu akianguka ghafla bila kuguswa na yeyote, mwite kwa sauti na umtikise bega. Asipojibu, na asipopumua au akiwa anakoroma kwa kuvuta hewa mara moja moja, chukulia kwamba moyo umesimama. Mtu mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine aulizie kama ukumbi una mashine ya kushtua moyo. Usimmwagie maji, usimpe soda, usimkalishe.

Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja kimoja katikati ya kifua na kingine juu yake, nyoosha viwiko, kisha kandamiza hadi kifua kishuke sentimita tano au sita, na ukiachie kirudi juu. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Unaweza kuvunja ubavu. Endelea tu, ubavu hupona. Kazi hii huchosha upesi, kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili, na msiache mpaka aanze kupumua au wahudumu wa afya wachukue nafasi yenu.