Kazi za Mtandaoni: Uliza Kwanza Nani Anayelipa

Kwenye gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, abiria wa kwenda Kilindoni kisiwani Mafia wana muda mwingi wa kushika simu. Boti ikichelewa, kijana aliyemaliza kidato cha nne anaingia mtandaoni kutafuta kazi ya kufanya akiwa nyumbani kwa simu yake, na majibu yanamiminika hadi bando linakata. Hamu hiyo ina sababu. Kamba na kaa wana misimu yao, korosho ina msimu wake, na nauli ya kwenda Mbagala Rangi Tatu kuzunguka na bahasha ya vyeti si ya kila mwezi. Kazi inayokufuata hapo hapo kijijini ingekuwa msaada mkubwa.

Kinachochosha ni namna ya kuipata. Tangazo moja linataka kompyuta, la pili linataka mtu anayeishi Marekani, la tatu lilishafungwa mwaka jana, na la nne ni la kweli ila mshahara unapita PayPal, ambayo kwa miaka mingi imemruhusu Mtanzania kulipa wengine bila kumruhusu kupokea. Unatuma maombi na hujibiwi. Ukishakata tamaa, WhatsApp inalia: hongera, umechaguliwa, unaanza leo.

Hapo ndipo pa kusimama. Mwajiri wa kweli wa mtandaoni hujibu polepole, mara nyingi hajibu kabisa, na akijibu anakupa jaribio apime uwezo wako. Anayekuajiri ndani ya dakika tano bila kukuuliza unajua nini hana kazi ya kukupa.

Utapeli unaovuma sasa unaendeshwa hivi. Unaambiwa ulike video au utoe nyota kwa hoteli usiyowahi kulala. Jioni kweli unaingiziwa, tuseme, shilingi 3,000. Hela hiyo ndiyo chambo. Unaunganishwa kwenye kundi la Telegram ambako watu wanarusha picha za miamala yao na kumshukuru “meneja”, na wengi wa hao ni matapeli wenyewe. Siku ya pili inakuja kazi ya kulipia kwanza: weka 20,000 upate 28,000. Ukiweka, salio linapanda kwenye programu yao, nawe unaliona kwa macho yako. Ukitaka kulitoa, unaambiwa umekosea hatua, ongeza 60,000 ili akaunti ifunguliwe. Halafu kodi. Halafu ada ya kuhamisha. Salio lile ni tarakimu tu walizoandika wao. Hakuna pesa nyuma yake.

Wanaonaswa si watu wasio na shule, wala si wa kwetu peke yao. Nchini Marekani, tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, haikupokea ripoti hata moja ya utapeli wa aina hii mwaka 2020. Mwaka 2023 zilifika 5,000, na nusu ya kwanza tu ya mwaka 2024 zikawa takribani 20,000.

Kwetu utapeli umevaa nguo tofauti kila mara. Mwaka 2009 ilikuwa DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu ya fedha wavune. Serikali ikaisimamisha, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani. Mwaka 2022 ikaja Kalynda kwa sura ya biashara ya mtandaoni. Kisha LBL, ambayo wanachama wake walilipa kiingilio ili walipwe kwa kutazama matangazo kwenye simu, na mwanzoni mwa 2025 polisi wakawakamata watu waliohusishwa nayo katika mikoa mbalimbali. Kenya nako, mwaka 2022, mpango uliojipachika jina la Amazon uliahidi malipo kwa kazi ndogondogo za simu, ukazima na fedha za watu.

Swali linaloifichua mipango hii yote ni moja: nani ananufaika na jasho langu, na kwa nini akubali kulilipia? Anayetafsiri kitabu cha maelekezo ya dawa ana kampuni inayotaka kuuza dawa hiyo kwa Waswahili. Anayeandika maneno ya mahojiano yaliyorekodiwa ana mtafiti anayeyahitaji. Je, kampuni gani duniani inapata faida mtu wa Kibiti akitazama tangazo lile lile mara ishirini kwa siku? Usipomwona mlipaji, basi mlipaji ni yule atakayejiunga baada yako, na huenda ni binamu yako uliyemwalika mwenyewe.

Hili la binamu linaniumiza kuliko yote. Vijijini mwetu tumelelewa na upatu, ambao unakwenda kwa sababu kila mtu anaijua nyumba ya mwenzake. Matapeli wanaazima imani hiyo hiyo. Ujumbe unatoka kwa shemeji, kwa mwalimu, kwa mama wa kikundi cha vikoba, naye anaamini anakusaidia maana yeye kesha “toa” mara mbili. Kwa hiyo anayekualika akiwa ndugu, usimkatalie kwa ukali, wala usiingie kwa haya. Mwombe akuonyeshe jina la kampuni, leseni yake, na anayelipa kazi.

Hapo kuna mtego mwingine. Wengi huonyesha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Cheti hicho ni cha kweli mara nyingine, ila kinathibitisha tu kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa, na unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya amana za wananchi. Ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu, ambayo inachapisha orodha ya taasisi ilizozipa leseni. Vilevile, kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal ni bure, na TaESA ni huduma ya serikali ya kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani kwa kawaida unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada. Ada ya fomu, ada ya mafunzo, ada ya sare, zote ni dalili ile ile ya utapeli.

Kazi halali zipo, na Kiswahili chako kina soko: kutafsiri, kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, kusoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze lugha. Fiverr na Upwork ni masoko yanayojulikana. Fiverr hukata asilimia 20, maana yake ukifanya kazi ya dola 10 unapata 8. Upwork hutumia tiketi ndogo za kuombea kazi, na zikiisha unanunua nyingine. Hii ndiyo tozo pekee ya awali ninayoweza kuitetea, kwa kuwa bei yake iko wazi na haikuahidi mapato. Ukipewa za bure, anza na hizo. Kabla ya kugusa kazi, hakikisha njia ya malipo inafika Tanzania. Payoneer, kwa mfano, inapokea.

Sitakudanganya kuhusu kipato. Katika miezi ya mwanzo ni michache tu inayolipa, na mtandao wa huku kwenye delta ya Rufiji hauna uhakika, kwa hiyo chagua kazi unayoweza kuipakua, ukaifanya ukiwa nje ya mtandao, ukaituma ukifika Bungu au Kibiti. Hata jukwaa la kweli linaweza kukuacha: Machi 2024, Remotasks iliwafungia ghafla wafanyakazi wake wa Kenya. Toa pesa yako kila inaporuhusiwa, na usiache nyavu ukutani kwa sababu ya akaunti moja.

Kuna pia wanaotaka kukodi akaunti yako au kununua laini uliyosajili kwa alama za vidole. Kataa. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalotokea ni lako. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ikafungwe. Usitume picha ya kitambulisho kwa mtu wa WhatsApp hata akisema ni ya mkataba.

Ukishatapeliwa, acha kutuma hapo hapo, hata wakikwambia imebaki hatua moja. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, maana pesa ambayo haijatolewa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa. Usifute chochote: hifadhi ujumbe wa miamala, namba zao, picha za kundi kabla hawajakuondoa. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ufuate maelekezo. Kisha nenda polisi na ushahidi huo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaugusa utapeli wa namna hii. Akikupigia mtu siku chache baadaye akisema anaweza kuirudisha pesa yako kwa ada ndogo, fahamu kwamba ni wale wale, namba yako wanayo.